Zilipendwa na nani? Kwa nini wimbo mmoja unakurudisha nyuma miaka ishirini

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi Ukonga, ukumbi umejaa, watu wameshashiba pilau, MC kashakaukiwa sauti, DJ akaona sasa ni zamu ya watu wazima. Akaweka wimbo mmoja wa kuchezeka wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile nyimbo ambazo hata shangazi mwenye magoti mabovu anasimama. Meza yetu nzima ikainuka. Mimi nikabaki kwenye kiti, tumbo limenikaza, jasho jembamba mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu bila kuambiwa kosa. Mke wangu ananivuta mkono, twende bwana, namwambia tumbo. Akadhani ni pilau.

Haikuwa pilau. Huo wimbo ndio ulikuwa unapigwa kutwa kwenye duka la mtaani kwetu Tanga, wiki zile nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Duka lilikuwa hatua kumi kutoka dirisha letu na mwenye duka alikuwa na kanda moja tu anayoipenda, ikifika mwisho anaigeuza, ikifika mwisho anaigeuza. Wimbo wenyewe unazungumzia starehe na mapenzi, hakuna kitu cha kutisha hata kimoja, lakini mwili wangu ukiusikia unajua jambo moja tu: jina langu litakuwepo kwenye ule ubao au halitakuwepo. (Kuhusu huu ushahidi wangu subirini kidogo, nitaurudia huko chini, una aibu yake.)

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu watu wengi tunachanganya mambo matatu tofauti tunapoongelea nyimbo tunazozipenda. Tunachanganya wimbo, tunachanganya kumbukumbu, na tunachanganya hisia, tunavitia kwenye kapu moja, halafu tunagombana mtandaoni kila siku kwamba muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na wa siku hizi ni makelele. Wiki hii nimeuona huo ugomvi mara tatu na kila mtu ana uhakika wa ajabu. Sasa tuvitoe kapuni kimoja kimoja.

Tuanze na hili neno zilipendwa, maana lenyewe limeshaficha nusu ya jibu. Wakenya wanasema zilizopendwa, ni kule kule. Ni kitenzi cha kutendwa, wakati uliopita, na mtendaji kafichwa. Zilipendwa na nani? Hakuna anayeuliza. Tunaongea kama vile zilipendwa na dunia nzima kwa kauli moja, wakati ukweli ni kwamba zilipendwa na watu fulani waliokuwa na umri fulani. Kwa baba yangu zilipendwa ni dansi, Morogoro Jazz, NUTA, Mlimani Park, magitaa matatu yanasemezana na saksafoni inaingilia. Bongo fleva ilivyoingia, wakati huo inaitwa muziki wa kizazi kipya, baba aliita uhuni, na si yeye tu, karibu wazazi wote mtaani waliita uhuni. Leo nawasha redio nasikia ule ule uhuni wa 2003 umewekwa kwenye kipindi cha zilipendwa, mtangazaji anasema kwa sauti ya huzuni tamu, enzi hizo jamani muziki ulikuwa muziki. Nikacheka peke yangu kwenye gari.

Haya, kumbukumbu. Wengi tunaifikiria kama kanda: tukio limerekodiwa, limewekwa kabatini, ukilitaka unabonyeza pleii na linatoka kama lilivyoingia. Sivyo inavyofanya kazi. Tukio moja linapotokea, vipande vyake vinatawanyika sehemu mbalimbali za ubongo, sauti huku, harufu kule, sura ya mtu pengine, hofu au furaha sehemu nyingine, na vipande hivyo vinabaki vimeunganishwa na nyuzi. Mimi mtoto wa pwani mfano wangu ni juya, ule wavu wa kukokota. Ukisimama ufukweni unachokiona ni kamba tu inaingia majini, ukiivuta hiyo kamba wavu wote unakuja, na haukuletei samaki peke yake, unakuja na mwani, kaa, chupa, na ndala moja ya mguu wa kushoto ambayo hakuna aliyeiomba. Wimbo ni kamba. Umevuta wimbo, imekuja harufu ya jiko la mchina, imekuja sauti ya mlango wa bati, limekuja na tumbo kukaza.

Kwa hiyo wimbo haujabeba kumbukumbu ndani yake. Kumbukumbu iko kwako, wimbo unaivuta tu. Ukielewa hapo umeshaelewa kwa nini watu wawili wanasikia wimbo ule ule, mmoja anacheza na mwenzie anaomba kwenda chooni.

Watu wa taarabu hili wanalijua miaka mingi kuliko maprofesa. Nenda kwenye shughuli yoyote uone watu wanavyokwenda kutunza. Mwimbaji anaimba beti, mama mmoja katulia kabisa na soda yake, ghafla unafika mstari fulani anainuka kama kachomwa na pini, noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji huku anatazama upande wa pili wa ukumbi alipokaa mbaya wake. Mtunzi wa ule wimbo hamjui huyu mama. Hajui mume wake, hajui ile kesi ya kiwanja. Yeye kaacha nafasi tu kwenye maneno na mama kaijaza mwenyewe.

Lakini swali linabaki, kamba ni nyingi, mbona muziki unavuta kuliko nyingine? Picha ya zamani unaiangalia unasema aah hii ilikuwa Pasaka, basi. Wimbo unakukamata shingo.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida sana, ni kurudiwa. Hakuna maongezi uliyoyasikia mara mia mbili neno kwa neno, ila wimbo umeusikia mara mia mbili na kila mara uko vile vile. Tanzania ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu Bara mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam. Sheria ya kuruhusu vituo binafsi ilikuja 1993 na Radio One ikaanza 1994. Kabla ya hapo ukipita mtaani saa ya salamu za wasikilizaji unausikia wimbo mmoja kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho bila kukosa neno, kila dirisha linautoa. Watu walikuwa wananunua kadi za salamu, wanajaza majina ya ndugu na jamaa, wanatuma kwa posta, wanakaa wiki wanasubiri kusikia jina lao likisomwa. Wimbo uliopigwa baada ya jina lako kusomwa, unadhani utausahau?

Na kulikuwa na kazi ya mikono pia. Kanda ikilegea unaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu unazungusha taratibu kuokoa betri, na betri zenyewe zikiisha unazianika juani juu ya bati ili zikupe nusu saa nyingine. Dada zetu walikuwa wanakaa na kaunta buku mbele ya redio kaseti, wanabonyeza stopu, wanaandika mstari, wanarudisha nyuma kidogo, wanaandika tena, mpaka wimbo mzima umo daftarini umepambwa na maua ya peni nyekundu. Kitu ulichokihangaikia hivyo kinazama. Kijana wa leo anabonyeza mara moja tu, simlaumu, ila ni kweli kwamba mimi naikumbuka hata ile sehemu ambayo kanda yetu ilikuwa imekwaruzika, nikiisikia kopi safi naona kama wamekosea wao.

Sababu ya pili ni mwili. Wimbo una mapigo, mwili unaufuata kabla hujaamua, mguu umeshaanza kugonga sakafu. Na ubongo una tabia ya kukisia kinachofuata. Fikiria wimbo wa dansi wa kawaida, unaanza polepole, mwimbaji analalamika habari za mpenzi wake, watu wanayumba tu, lakini wote ukumbini wanajua kuna mahali chemko litaingia, magitaa yatabadilika na viatu vitavuliwa. Ule muda wa kusubiri chemko ni mtamu kama chemko lenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapima watu wakisikiliza nyimbo wanazozipenda wenyewe, zile za kusimamisha vinyweleo, wakakuta ubongo unamwaga dopamini, kemikali ile ile inayohusika na raha ya chakula, na kwamba sehemu moja ya ubongo inaanza kuchangamka hata kabla ya kile kipande kitamu kufika, halafu kikifika inapokea sehemu nyingine. Yani tunalipwa mara mbili, kwa kusubiri na kwa kupata.

Na sababu ya tatu ni kule wimbo unakofikia. Mwaka 2009 mtafiti anaitwa Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwaingiza wanafunzi 13 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, kila mmoja akapigiwa vipande 30 vya nyimbo zilizovuma alipokuwa na umri wa kati ya miaka 8 na 18. Kwa wastani mtu alitambua nyimbo kama 17, na kati ya hizo kama 13 zilimletea kitu cha maisha yake mwenyewe. Sehemu iliyoonekana kuwaka zaidi pale wimbo unapogusa maisha ya mtu iko mbele kabisa, nyuma ya paji la uso, na inaonekana ndiyo inayounganisha muziki, kumbukumbu na hisia kwa pamoja. Shikilia hilo paji la uso, tutalihitaji tukifika kwa wazee.

Sasa, nundu. Ukimwambia mtu wa miaka 60 akusimulie maisha yake, halafu uhesabu matukio yanatoka miaka gani, hayatoki sawasawa. Utotoni kabisa ni patupu, utu uzimani yapo yapo tu, ila kati ya miaka kama 10 na 25 yanajaa yanavimba. Ukichora inatoka kama mgongo wa ng'ombe wetu wa kienyeji, tambarare ndefu na nundu moja kwa mbele. Ndiyo maana watafiti wanaliita jina kama hilo, nundu ya kumbukumbu. Nyimbo nazo zimekaa pale pale kwenye nundu. Utafiti mmoja wa Marekani wa 1989 uliwapigia watu wa rika mbalimbali nyimbo za miaka tofauti, ikaonekana zinazopendwa zaidi ni zile zilizovuma msikilizaji alipokuwa na miaka kama 23 na nusu.

Kwa nini umri huo? Kwa sababu ndipo kila kitu ni cha kwanza. Kwanza kulala mbali na nyumbani, kwanza kupenda, kwanza kuachwa, kwanza mshahara, kwanza kuzika rafiki wa rika lako. Na ndipo unapoamua wewe ni nani, na muziki unautumia kama nguo, unauvaa ili watu wajue uko upande gani. Mtu wa miaka 45 hahitaji kumwonyesha mtu yeyote anasikiliza nini, ana ada za shule za kuwaza.

Kuna kitu kingine kitamu hapo. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake walitoa utafiti mwaka 2013, waliwapigia vijana wa chuo nyimbo zilizovuma Marekani kuanzia 1955 mpaka 2009. Walitegemea vijana wazikumbuke za kwao, na kweli, lakini wakakuta nundu nyingine kwenye nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 80, kabla hao vijana hawajazaliwa. Zilikuwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Wazazi walizipiga nyumbani, watoto wakazirithi pamoja na vyombo na ukoo. Mimi mwenyewe nyimbo za Marijani Rajab nazijua mpaka mahali anapovuta pumzi, wala sikuwepo, nilizipata Jumapili asubuhi baba akipiga pasi mashati yake ya wiki nzima na pasi ya mkaa. Kwangu ule muziki una harufu ya kitambaa cha moto.

Basi tuurudie ugomvi wa mtandaoni, muziki wa zamani ulikuwa bora au hapana. Kwa maoni yangu wanaosema hivyo wana ukweli kiasi lakini wameutoa pabaya. Ukweli ni kwamba bendi za zamani nyingi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania, na kabla ya kurekodi mashairi yalikaguliwa, kwa hiyo kulikuwa na chujio mlangoni. Halafu kuna chujio la pili ambalo ni muda. Nyimbo mbovu za 1978 zilikuwepo, tena nyingi, ila hakuna anayezipiga leo, unazozisikia ni zile zilizopenya miaka arobaini na kitu. Unachukua nyimbo kumi bora za miaka ishirini unazishindanisha na kila takataka iliyotoka Ijumaa hii, utakosaje kushinda? Na juu ya yote hayo kuna nundu yako, ambayo huiweki mezani kwa sababu hujui kama unayo. Kwa hiyo mtu akisema muziki wa siku hizi haunigusi namwamini kabisa. Akisema haugusi watu, hapo nambishia.

Kuna mambo kadhaa yanasemwa sana na hayako sawa. Moja ni kwamba wimbo wa huzuni unaleta huzuni na wa furaha unaleta furaha. Mmeshaona tumbo langu. Na kinyume chake kipo, kuna watu wanatafuta nyimbo za majonzi makusudi wakiwa wamevunjika moyo na wakitoka hapo wanajisikia nafuu, kwa sababu huzuni ya wimbo haikudai chochote, haina bili, na inakwisha baada ya dakika nne. Ile hali ya utamu na uchungu kwa pamoja Wazungu wanaiita nostalgia, na kuna jambo dogo la kufurahisha hapa: neno hilo lilizaliwa kama jina la ugonjwa. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliunga maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, akieleza maradhi ya watu waliokaa mbali na kwao. Mpemba aliyeko Muscat akisikia udi na fidla usiku hahitaji Kigiriki kujua Hofer alikuwa anaongelea nini.

Lingine ni la akili ya watoto, eti ukimpigia mtoto mchanga Mozart atakuwa jiniasi. Hili halihitaji maneno mengi. Utafiti wenyewe wa 1993 ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo, si watoto, walisikiliza kama dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye zoezi la kufikiria maumbo, na baada ya robo saa faida ikawa imekwisha. Hiyo robo saa ndiyo iliyokuzwa mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akaomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki. Mpigie mwanao muziki unaoupenda wewe, mtacheza wote.

Na kuna wanaodhani asiyesisimka na muziki ana roho ngumu. Wapo watu wachache ambao ubongo wao unasikia muziki vizuri kabisa, hawana shida ya masikio wala ya hisia, chakula wanakifurahia, pesa wanaifurahia, ila muziki kwao ni sauti tu kama feni. Watafiti wa Barcelona waliwaeleza mwaka 2014. Nina rafiki nadhani ni mmoja wao, kwenye gari yake redio ni ya taarifa ya habari tu, na ni mtu mwema kuliko mimi.

Ila kosa kubwa kuliko yote, na ndilo lililonikuta, ni kuamini kwamba kwa kuwa wimbo umeileta kumbukumbu kwa nguvu hivyo, basi kumbukumbu ni sahihi. Baada ya ile harusi nikampigia mama, yuko Tanga bado, nikamsimulia nikicheka habari ya tumbo na duka na matokeo. Akanyamaza kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, ule wimbo haukuwa mwaka wako. Ule ulikuja tulipoingiza umeme, mimi nauza barafu za ukwaju. Wewe ulishakwenda zako bodingi." Nikabisha. Nikabisha sana, mpaka nikamwambia naiona kabisa ile kanda, jalada lake lina rangi ya bluu. Akasema sawa baba, kama unaiona.

Nikaingia mtandaoni kucheki albamu imetoka lini. Matokeo yangu yalikuwa mwanzoni mwa 2002. Albamu ilitoka 2003.

Yani ile wiki ya hofu ilikuwa kweli, na duka lilikuwa kweli, na wimbo ulipigwa kweli dukani, ila nafikiri likizo iliyofuata, na mahali fulani katikati ya hiyo miaka ubongo wangu ulichukua sindano ukashona vitu viwili pamoja. Kila unapoikumbuka stori unaipika upya, na unaipika na viungo vilivyopo jikoni siku hiyo. Hofu inakuja na uzito wake, na kwa sababu ni nzito unaichukulia kuwa ni ushahidi. Jasho langu Ukonga lilikuwa jasho halali kabisa kwa jambo lililotokea bila muziki. Na wakati mimi nikisikia ule wimbo nashikwa na tumbo, mama anasikia ladha ya ukwaju na sauti ya friji jipya. Nyumba ile ile, dirisha lile lile.

Kuna kamba nyingine ambazo tumefungwa wengi kwa pamoja. Waliokuwa na akili zao Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, wanazo nyimbo za maombolezo za kwaya ambazo mpaka leo zikipigwa sehemu yoyote, hata dukani, watu wanashusha sauti. Machi 2021, kifo cha Rais Magufuli, ikawa vile vile kwa kizazi kingine, siku nzima redioni na kwenye televisheni ni maombolezo. Hapo hata mtu asiyependa kwaya, hata asiye Mkristo, kamba imemfunga.

Na kamba zinachakaa, hili watu hawalijui. Wimbo unavuta vizuri kama haujafungwa kwenye mambo mengi. Ukiupiga kila siku kwa miaka kumi, unaufunga kwenye foleni, kwenye kufua, kwenye kila kitu, mwishowe ukivuta hakiji kitu maalumu. Mimi nilikuwa na wimbo mmoja wa mwaka niliokutana na mke wangu, nikaupenda mpaka nikauweka alamu ya saa kumi na moja alfajiri. Miezi mitatu tu. Sasa hivi ukianza gitaa la kwanza nasikia baridi ya maji ya ndoo na naanza kutafuta soksi. Mwenyewe mke ananiambia umeuua wimbo wetu. Na kama tatizo lako ni kipande cha wimbo kilichogoma kutoka kichwani, hicho hakina maana ya siri wala ujumbe, tafuna bigijii, sitanii, watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walilijaribu mwaka 2015 na ikaonekana kutafuna kunapunguza, kwa sababu kuimba kichwani kunatumia njia zile zile za kutamka.

Sasa lile paji la uso. Sehemu ile ya mbele aliyoiona Janata ni mojawapo ya zinazochelewa kuharibika mtu akipata ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau wa uzeeni. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee amesahau jina la mwanae lakini ukimwekea wimbo wa ujana wake anaimba beti mbili. Na kuna Mwingereza mmoja, Clive Wearing, mwanamuziki na kiongozi wa kwaya, mwaka 1985 virusi vya hepesi viliingia kwenye ubongo vikaharibu sehemu ya kutunza matukio, tangu hapo anachokiona kinafutika baada ya sekunde chache, lakini akikaa kwenye piano vidole vinajua. Maana kukumbuka tukio ni kitu kimoja, na ujuzi wa mikono, kama kuendesha baiskeli au kupiga kinanda, ni kitu kingine, vinakaa vyumba tofauti. Watu wanaona video za namna hii wanaandika muziki unaponya usahaulifu. Hapana, hauponyi. Mzee akimaliza kuimba ugonjwa upo pale pale. Ila kwa hizo dakika anaweza kutulia, akachangamka, akaongea, na ukiwa na mgonjwa nyumbani dakika hizo si kidogo. Lakini lazima ziwe nyimbo zake yeye, za kwenye nundu yake, sio zile unazodhani wazee wanazipenda. Na ukisubiri mpaka aanze kusahau, nani atakutajia?

Kwa hiyo nikamwomba mama aniandikie. Yuko mzima, anahesabu chenji kuliko mimi, lakini nikamwambia niandikie tu nyimbo zako, za tangu binti mpaka ulipoolewa. Akaona ni upuuzi, halafu baada ya siku mbili akamtuma mjukuu apige picha karatasi anitumie. Nyimbo saba kwa mwandiko wake wa kulala. Mbili za taarabu, mbili za dansi nilizozitegemea. Namba tatu si wimbo, ameandika "ngoma za taarifa ya habari". Namba sita ni wa kwaya ya shule, hauko popote, itabidi aniimbie nirekodi. Namba tano ni wimbo wa dansi ambao sijawahi kumsikia akiutaja maisha yangu yote, na baba hakuwa na kanda yake.

Nikampigia kumuuliza, mama, huu namba tano niutafute mtandaoni nikutumie? Akasema upo, anajua upo, mjukuu alishamwonyesha unavyotafutwa.

"We uandike tu," akaniambia. "Ila usinipigie."

Tukaanza kuongea habari za bei ya sukari.